Uzi mrefu: Boy in da Corner ya Dizzee Rascal, tuizungumzie ile hofu iliyomo ndani

fundi_santuri (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila nikipita kwenye nyuzi za hip hop humu naona ubishi ni wa Marekani tu, Nas na Jay-Z, Tupac na Biggie, upande wa Uingereza akitajwa Stormzy na Dave basi mjadala umefungwa. Leo naomba tukae kwenye albamu moja, Boy in da Corner ya Dizzee Rascal, ilitoka Julai 2003 chini ya XL Recordings, lebo ya kina The Prodigy. Grime, muziki wa kuchana wa mashariki ya London, ilikuwepo kabla yake, hilo halina ubishi, ila hii ndo iliwafanya watu wa nje ya mashariki ya London wageuze shingo.

Nachotaka kusema ni hiki. Watu wengi wakiielezea hii albamu wanaanza na fujo, besi inapasua spika, dogo anafoka kama anakimbizwa. Sawa, fujo ipo. Mimi kila nikiisikiliza naona hofu imezidi ubabe, tena hofu ya mtoto ambaye ameanza kuelewa mambo mapema kuliko umri wake, na naamini hiyo ndo sababu haijachuja mpaka leo wakati ngoma nyingi za mwaka ule ukizipiga sasa unasikia kabisa kwamba muda wake umeisha.

Nianze na mtaa maana bila mtaa huwezi kuielewa. Jamaa jina lake Dylan Mills, kazaliwa Septemba 1984, kakulia Bow, postikodi E3. Mama yake ni wa Ghana na ndo kamlea mwenyewe, baba yake alikuwa Mnigeria, alifariki dogo akiwa bado mdogo sana. Bow ni fleti za halmashauri, maghorofa marefu ya zege, lifti zinanuka, na ukisimama kwenye kibaraza unaiona Canary Wharf hii hapa, mnara wa One Canada Square una mita 235, mabenki makubwa ya dunia yote yako pale, usiku unawaka taa kwenye ncha yake. Wilaya ni hiyohiyo moja, Tower Hamlets, masikini wa kutupwa na mabilionea wanatazamana kila siku na hawana biashara yoyote pamoja. Ukiwa na miaka 15 kwenye hizo fleti unajua fika kwamba ule utajiri upo, unauona kwa macho, na hakuna aliyekuandalia njia ya kufika.

Shuleni alifukuzwa zaidi ya mara moja. Akaishia Langdon Park pale Poplar na hapo napo wakamtoa kwenye karibu vipindi vyote, kikabaki cha muziki. Mwalimu wa muziki, Tim Smith, akamwachia akae kwenye kompyuta atengeneze biti zake. Hebu fikirieni mwalimu mmoja tu angekuwa na roho ngumu siku ile, tusingekuwa na huu uzi.

Naendelea chini.

dogo_mchanaji

Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali moja kabla hujaenda mbali, grime na hip hop tofauti yake nini hasa maana mimi nasikia watu wanachana tu

fundi_santuri

Swali zuri na ndo nilikuwa naelekea huko.

Hip hop ya New York ilizaliwa na breki, vile vipande vya ngoma tupu, za santuri za fanki. Grime haikutoka huko, ilitoka kwenye jungle na UK garage, muziki wa kucheza, na nyuma ya hivyo vyote kuna saundi sistimu za Wajamaika waliohamia Uingereza. Ndo maana wachanaji wao wanaitwa MC kwa maana ya zamani kabisa, mtu anayeshika maiki dijei akipiga, kazi yake ilikuwa kuamsha ukumbi. Taratibu MC wakaanza kutaka nafasi zaidi, mistari 8, mistari 16, mwisho wakamfunika dijei mwenyewe. Kasi ni kama mapigo 140 kwa dakika, hip hop nyingi inatembea kwenye 90 hivi, kwa hiyo ukichana grime pumzi huna, na mistari inakatwakatwa kuingia kwenye nafasi ndogondogo.

Sasa garage mwaka 2000, 2001 ilikuwa muziki wa mashati mazuri na shampeni. So Solid Crew wakaingia na 21 Seconds ikashika namba moja 2001, kundi kubwa, watu wa mtaani kweli, kukatokea vurugu na risasi kwenye baadhi ya shoo na kumbi zikaanza kufunga milango. Mwanzoni mwa 2003 mpaka waziri wa serikali alisimama kuwalaumu warapa kwa mauaji ya bunduki. Vijana wa E3 hawakuwa na hela ya shampeni, na kumbi zenyewe sasa haziwataki, wakabaki na redio.

Na redio zenyewe zilikuwa za maharamia. Hakuna leseni, unapandisha antena juu ya paa la ghorofa usiku, studio iko chumbani kwa mtu au jikoni, maofisa wakija kung'oa mnapandisha nyingine kesho. Rinse FM ilianza hivyo 1994 na leseni ilikuja kupata 2010, miaka 16 baadae. Dijei Slimzee, mmoja wa waanzilishi, ilifika mahakama ikampiga marufuku kupanda kwenye mapaa. Humo ndo Dizzee kajifunza kazi, anachana moja kwa moja hewani, mtu akikosea mji wote umesikia, akipatia simu zinaita na dijei anairudisha santuri mwanzo.

Mtu wa pili wa kumtaja ni Wiley. Mkubwa wake, huyo ndo alimchukua na wakawa pamoja kwenye kundi la Roll Deep. Wiley alitengeneza biti moja inaitwa Eskimo kwa kinanda cha Korg Triton, imekauka, baridi, ina nafasi tupu katikati ya mapigo, hakuna sauti ya kukubembeleza. Hiyo baridi ndo imekuwa uti wa mgongo wa grime ya mwanzo. Dizzee akaichukua akaipeleka pabaya zaidi, na nasema pabaya kwa heshima zote.

Ngosha_Newham

Mkuu umegusa kwangu, mimi niko huku Newham, Bow ni jirani kabisa. Hiyo ya kuiona Canary Wharf naithibitisha, hata sasa ukipita Devons Road unaiona imesimama mbele yako. Ila mtaa umebadilika sana, baada ya Olimpiki ya 2012 pale Stratford kodi zilipanda, yale maghorofa mengi yamepakwa rangi upya na wanaoishi humo sio walewale. Vijana wa sasa wanaoipenda hii albamu wanaisikiliza kama habari za mahali ambapo hawajawahi kupaona japo wanakaa hapohapo.

kaka_Beka

Mimi niseme ukweli mbele ya wakubwa, nimejaribu kuisikiliza nikaishia ngoma ya tatu. Kelele. Sauti ya jamaa imekaa juu kama anabanwa, biti kama simu ya zamani imeharibika. Kama unataka Uingereza ya kipindi kile The Streets walishatoa Original Pirate Material 2002, stori zimenyooka, unaelewa kila kitu. Hii nadhani inasifiwa kwa sababu ilipewa tuzo.

fundi_santuri

Kaka Beka nashukuru umesema wazi, na hiyo ya The Streets ni albamu kali sitaigusa. Ila naomba uirudie Boy in da Corner kwa mpangilio nitakaokupa na uniambie.

Anza na Sittin' Here, ngoma ya kwanza. Kuna kakipande kamoja ka nyuzi kanajirudia mwanzo mwisho, kwa mbali ving'ora na milio ya bunduki, na dogo hafoki kabisa. Amekaa anaangalia. Anasema anaona kila kitu, anawaza sana, kila siku inafanana na jana, na analalamika kwamba zamani mambo yalikuwa mepesi, watoto walikuwa watoto, sasa kila mtu amekuwa mgumu. Ana miaka 18 anaongea kama mzee aliyezika rika lake. Nionyesheni albamu nyingine ya rap ambayo ngoma ya kufungulia mlango mchanaji anakiri kwamba amechoka kichwa. Kawaida ngoma ya kwanza ni ya kujitangaza, mimi nani, ogopeni. Huyu kafungua na mashaka.

Halafu ruka mpaka Brand New Day. Kamelodi kama ka muziki wa Asia Mashariki, kanavutia kama kisanduku cha muziki cha mtoto, na juu yake jamaa anaongelea namna marafiki waliokuwa wanacheza pamoja sasa wanabeba silaha na wanaogopana, anajiuliza itakuwaje wakifika utu uzima, je tutafika? Hilo swali linabaki hewani hivyohivyo, hajipi jibu wala hatupi sisi.

Ukishasikia hizo mbili ndo urudi kwa Stop Dat na zile nyingine za kufoka. Utaona kufoka kwenyewe kunatoka kwa mtu anayejihami. Ile sauti unayosema imebanwa, ndio, imebanwa kweli, na kama angechana kwa sauti nzito iliyotulia kama Wamarekani, tungekuwa tunasikia uongo. Mtu mwenye wasiwasi haongei kwa besi.

mama_Nasra

Naomba mnisaidie kuhusu I Luv U. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaipiga sana nikamkataza, nilisikia inawatukana wasichana.

fundi_santuri

Dada yangu hii ngoma inastahili muda wake kidogo.

I Luv U aliitengeneza akiwa na miaka 16, ilianza kutembea kwenye santuri zisizo na lebo 2002 kabla XL hawajaitoa rasmi 2003 ikafika namba 29 kwenye chati. Ile besi ni kama pigo la ngoma limeharibiwa makusudi mpaka linapasuka, vijana wa redio walikuwa hawajawahi kusikia kitu kama kile. Habari yenyewe ni mimba. Kijana ana uhusiano na binti, kumbe binti huenda ana mimba, na umri wa binti wenyewe ni mdogo, kijana anakana, anamsema vibaya, anatafuta namna ya kuchomoka. Lugha ni chafu, hapo siwezi kukupinga, na kwa mtoto mdogo ulifanya sawa kumkataza.

Lakini sikiliza mpaka katikati. Anaingia binti, anachukua maiki na anajibu kwa ukali uleule, anamrudishia kila neno, mwanaume anageuka ndo mjinga wa hadithi. Kwa hiyo hapo hamna wimbo wa mapenzi na wala hamna wimbo wa kumtukana binti peke yake, ni ugomvi wa watoto wawili waliojiingiza kwenye mambo ya watu wazima na kila mmoja anamtupia mwenzie. Jezebel nayo inagusa hukohuko, binti anayezaa mapema, ila pale naona alimhukumu mno binti na akawasahau wavulana waliokuwa naye. Kwenye I Luv U alikuwa muungwana zaidi, angalau alimpa mwenzie maiki.

Na kiufundi ile ngoma ni funzo. Hakuna kiitikio cha kuimbika, kuna maneno matatu yanarudiwa mpaka yanapoteza utamu wote.

dogo_mchanaji

Na Fix Up, Look Sharp? Hiyo ndo naijua mimi, ile ngoma nzito inapigwa hivi duh kah

fundi_santuri

Hiyo ndo iliyofanya vizuri zaidi kwenye chati, namba 17. Ngoma na ile sauti inayopiga kelele amevitoa kwa Billy Squier, mwanarock wa Marekani, wimbo wa The Big Beat wa 1980, ambao warapa wa New York walishauchimba kabla yake. Utamu wake ni kwamba hakuongeza karibu chochote, hakuna besi, hakuna kinanda, ngoma na mdomo tu. Ila hiyo ni ngeni kidogo ndani ya albamu yenyewe, ukiisikia hiyo peke yake utadhani kazi nzima iko hivyo. Jus' a Rascal nayo kali, ina makorasi kama ya opera. 2 Far yupo na Wiley, humo anajilinganisha na malkia wa Uingereza, yeye wa mtaani na mwenzie wa kasri, kwa dogo wa fleti kutamka vile mwaka 2003 haikuwa kawaida. Wot U On?, Cut 'Em Off, Live O, nzuri zote, sina mengi.

Ngosha_Newham

Usisahau Ayia Napa mkuu.

fundi_santuri

Nilikuwa naisogelea kwa tahadhari.

Julai 2003, wiki chache tu kabla albamu haijatoka, Roll Deep walikuwa Ayia Napa, Cyprus, mji wa starehe ambako vijana wa garage wa Uingereza walikuwa wanakwenda kila kiangazi. Dizzee alichomwa visu mara kadhaa huko, akalazwa. Akapona. Yaani kijana anarekodi albamu nzima akijiuliza kama rika lake litafika utu uzima, halafu kabla watu hawajainunua na yeye nusura aishie barabarani ugenini. Baada ya hapo alijitoa Roll Deep na urafiki wake na Wiley ukavunjika, wamekuwa wakirushiana maneno kwenye ngoma kwa miaka mingi. Hii inaniuma, kwa sababu ukiwasikia pamoja kwenye 2 Far unasikia kaka na mdogo wake.

Septemba hiyohiyo, siku chache kabla hajatimiza miaka 19, akachukua Mercury Prize, ambayo kwao ni tuzo ya albamu bora ya mwaka. Kwenye orodha walikuwemo Radiohead na Hail to the Thief, Coldplay na A Rush of Blood to the Head, The Darkness waliokuwa wanauza sana wakati ule. Kaka Beka hapa ndo nakujibu lile la tuzo. Albamu ilikuwa haijapasua chati, ilifika 23 tu. Majaji wangetaka usalama wangempa Radiohead na hakuna ambaye angelalamika. Sifa zilikuwepo tayari kwenye magazeti ya muziki kabla ya tuzo, na Marekani ilitolewa rasmi Januari 2004 na Matador, lebo ya rock ya kujitegemea, na wachambuzi wa kule nao wakaipokea kwa mikono miwili japo nusu ya lafudhi walikuwa hawaielewi.

kaka_Beka

Nimerudia Sittin' Here na Brand New Day kama ulivyosema. Brand New Day nakubali, imenigusa. Stop Dat bado hapana.

Lakini kuna jambo lingine. Huyu huyu Dizzee si ndo wa Bonkers? Ile ngoma ya disko? Kama alikuwa na hofu na uchungu wote huo ulikwenda wapi? Na kesi yake ya 2022 mbona hujaigusa

fundi_santuri

Kaka umeuliza mawili makubwa.

Bonkers ni 2009, namba moja, na kabla yake Dance wiv Me 2008 namba moja pia. Mashabiki wa zamani walinuna sana. Mimi simlaumu mtu aliyekulia Bow kwa kutaka ngoma za furaha na hela za kutosha. Kumbukeni pia kwamba grime yenyewe ilikuwa inabanwa pumzi, polisi wa London walikuwa na fomu inaitwa 696 tangu 2005, mwenye ukumbi anajaza majina ya wasanii, mwanzoni mpaka aina ya muziki na hadhira ya watu gani, na shoo nyingi za vijana weusi zilikufa kwa ile fomu mpaka ilipoondolewa Novemba 2017. Ukiwa MC wa 2006 unaangalia milango yote imefungwa na mlango wa disko uko wazi, utafanyaje? 2012 akasimama kwenye ufunguzi wa Olimpiki pale Stratford akaipiga Bonkers mbele ya dunia nzima. Pale na Bow unatembea kwa miguu. Ningetamani angepiga Brand New Day, lakini najua hakuna kamati ambayo ingekubali.

La kesi, Machi 2022 mahakama ya London ilimkuta na hatia ya kumshambulia mchumba wake wa zamani, akapewa kifungo cha kutotoka nje usiku. Sitalifunika hilo na sitaki mtu humu alitetee. Aliyepigwa ni binadamu, mama wa watoto. Kama kuna mtu humu hawezi tena kusikiliza sauti yake baada ya hapo namheshimu kabisa. Mimi bado naisikiliza albamu ila I Luv U na Jezebel siwezi kuzisikia kama zamani, zile dharau kwa mabinti ambazo nilikuwa nazichukulia kama picha ya mtaa sasa zinanikaa vibaya kooni.

mama_Nasra

Ahsante kwa kutolificha hilo kaka. Wengi wakimpenda msanii wanakuwa mawakili.

dogo_mchanaji

Mkuu mimi najifunza kutengeneza biti kwenye laptop, nichukue nini kwenye hii albamu? Na baada yake nisikilize nani

fundi_santuri

Dogo chukua ujasiri wa kuacha nafasi. Vijana wengi wakifungua programu wanajaza, kinanda, gitaa, besi tatu, makofi, mpaka sauti ya mchanaji inakosa pa kukaa. Sikiliza Sittin' Here uhesabu sauti zilizomo, hazifiki hata kumi. Halafu sauti zenyewe hazikuwa za gharama, ni zile zilizokuwa kwenye vifaa vya bei ndogo, ila kila moja imekaa mahali ambapo ukiiondoa wimbo unaanguka. Na chana habari za mtaa wako kwa lafudhi ya mtaa wako. Kabla yake Waingereza wengi walikuwa wanaigiza Kimarekani wakishika maiki, huyu alichana kama anavyoongea na mama yake dukani.

Baada ya hapo nenda Treddin' on Thin Ice ya Wiley, 2004, halafu Home Sweet Home ya Kano, 2005. Ukitaka kuona mbegu ilipofika, Konnichiwa ya Skepta ilichukua Mercury 2016, na Gang Signs & Prayer ya Stormzy ikawa albamu ya kwanza ya grime kushika namba moja 2017.

Ila kabla hujaenda huko maliza hii mpaka ngoma ya 15, Do It!. Wengi wanaishia Jus' a Rascal. Kwenye Do It! anasema wazi kwamba kuna siku anatamani alale asiamke, akiwa na umri ule, halafu kwenye kiitikio anakuambia kama kuna jambo unalitaka lifanye, usingoje. Yote mawili yamo kwenye wimbo mmoja na hajaribu kuyapatanisha. Isikilize hiyo usiku kwa hedifoni, kesho uje hapa utuambie ulisikia nini, na Kaka Beka na wewe Stop Dat nakudai.